Maziwa kwa Namba ya Jirani

Karatina

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi ni mzima wa mwili, baridi ya huku nimeizoea, ila roho imenichafuka. Nimeona nikuambie wewe kabla sijaropoka mbele za watu.

Unajua ofisi yetu hutengeneza programu ya kompyuta inayotumiwa na ushirika wa maziwa. Siku hizi tuna akili bandia inayoandika programu ukiiagiza. Ni hodari, sikatai, lakini haina adabu. Kazi yetu ina shina moja, ndilo wakulima wanalolitegemea. Kila mmoja hufanyia mabadiliko yake kwenye tawi la pembeni, yaani nakala ya kando, mwenzake akayasoma, ndipo yakaunganishwa na shina. Ni kama karani wa maziwa anavyonusa kila mtungi kabla ya kumimina kwenye tangi. Mashine hii ilimimina tu, ikafuta na kazi za watu. Asubuhi wakulima wa Giakanja wakakuta hesabu ya maziwa yao haionekani popote. Nilipoiuliza, ikanijibu kwa maneno ya asali: "Uko sahihi kabisa, samahani sana."

Aliyenichefua zaidi ni mkubwa wetu. Kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya, na mashine ilikuwa ikitumia jina la Njeri, mwenzangu aliye nyumbani na mtoto mchanga. Mkubwa mwenyewe ndiye aliyeiingiza kwa jina hilo, eti asisumbuke kuifungulia jina lake yenyewe. Ushirika ulipouliza nani kaharibu, akasema ni Njeri. Sasa wanataka afutwe kazi.

Nilimfuata nikamwambia ni mashine.

"Wachana na hiyo maneno," akasema, chai mkononi. "Njeri yuko na mtoto, hata hatajua. Wewe tengeneza tu."

Mama, huku mkulima akileta maziwa kwa namba ya uanachama ya jirani, anafukuzwa ushirika. Na huyu mkubwa ni mtoto wa mfugaji! Uso wake siwezi kuutazama.

Kazi iliyofutwa nimeirudisha, maana nilikuwa na nakala. Kisha nikaiandikia mashine sheria: isiguse shina, ikae kwenye tawi lake, isifute kazi ya mtu, isiunganishe chochote mpaka mtu asome, na itumie jina lake yenyewe. Njeri nimempigia simu nikamweleza yote. Alilia, halafu akasema, "Jumatatu nitaenda huko ushirika na mtoto mgongoni. Wanifute wakiniangalia." Nitasimama naye.

Mkubwa naye kaniambia, "Hiyo sheria ya majina utoe, ama utoke wewe." Sitoi.

Nisalimie kaka Mwakio na mkewe, na nyanya umwambie blanketi lake ndilo linaloniokoa. Mjomba fundi asiniulize habari za kupandishwa cheo.

Nimekuandikia kwa mkono makusudi. Ukisikia nimekubali kuiondoa sheria ile, hata ukionyeshwa jina langu chini yake, usiamini. Mwandiko wangu unaujua.

Ni mimi mwanao,
Mghoi