Mama Hataki Rafu Yangu Mpya ya Meko

Mpendwa Shangazi Bríd,

Naomba msaada wako kabla sijagombana na mama yangu mzazi mbele ya majirani. Mimi ni seremala, na si seremala wa kubahatisha, nyumba za zamani huku Clare ndizo kazi yangu na sijawahi kuitwa tena kurekebisha nilichokijenga, sasa mwaka huu nikasema zamu imefika ya nyumba yetu wenyewe, nikachora rafu mpya ya meko ya sebuleni, mwaloni mtupu, pana, na nikaipandisha mpaka usawa wa kidevu changu kwa sababu tunaweka jiko jipya la chuma lenye joto kali na mbao haitakiwi kuwa karibu na moto, na kusema kweli ni mchoro mzuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Mama hataki. Kwanza alisema mwaloni unatia giza, nikamwambia nitaupaka mafuta mepesi, akasema, "Na mbwa wangu wa kauri watapandaje huko juu, kwa ngazi?" nikamwambia hizo sanamu zake za mbwa nitazipandisha mimi, akasema, "Jeneza unalonichongea lisubiri kwanza nife, Colman."

Hiyo ya zamani anayoililia ni msonobari uliopakwa rangi juu ya rangi, iko chini, na kona ya kulia, upande wa kiti chake, rangi imelika mpaka mbao inang'aa kwa mafuta ya mikono, aibu tupu mbele ya wageni. Jumamosi moja niliing'oa nikaipeleka ghalani ili nipime ukuta vizuri, basi mama akanuna. Alikaa kitini kutwa nzima, chai akakataa, na Padri Tierney alipoingia hakuinuka, akampa mkono palepale alipoketi, mama huyuhuyu aliyekuwa akitusimamisha kwa masikio padri akipita hata barabarani! Niliona haya mpaka nikatoka nje. Jioni nikairudisha kwa skrubu mbili tu, ili kuleta amani, na asubuhi yake kabla sijamaliza kunywa chai mama alikuwa jikoni anakanda mkate huku anaimba. Si ushindi huo anausherehekea? Ananiambia nikiigusa tena atahamia kwa dada yake mjini Ennis. Nimefikiria niibomoe Jumapili akiwa kanisani, akirudi akute mambo yamekwisha, maana akiiona najua ataipenda. Nifanye hivyo?

Ni mimi,
Mwana na fundi

SHANGAZI BRÍD ANAJIBU

Mwanangu, weka gazeti chini, chukua bisibisi, nenda kaikaze hiyo rafu. Skrubu mbili hazitoshi. Nakungoja.

Umerudi? Haya, sasa nikuseme. Ufundi wako sina shaka nao. Umepima joto, umepima ukuta, nina hakika umepima mpaka mikia ya mbwa wa kauri. Lakini rangi ya kona ya kulia, unadhani ni nani aliyeimaliza? Paka?

Mama yako hakununa Jumamosi ile. Mwanamke wa Clare wa umri wake akiwa na hasira, padri akiingia atainuka tu, kisha aendelee kununa akiwa wima. Hakuinuka kwa sababu hakuweza. Ile kona ndiyo anayoishika anapotoka kitini, na wewe ulikuwa umeipeleka ghalani. Chai aliikataa kwa kuwa anayekunywa chai lazima baadaye aende msalani. Nilipofika hapo kwenye barua yako nililia, sikufichi.

Mbona hasemi? Anaogopa kwamba siku mtakapojua miguu yake imechoka, mtaanza kunong'ona habari za makao ya wazee. Ndiyo maana leo ni giza, kesho ni mbwa, keshokutwa ni jeneza. Na wewe, kipya kinyemi ingawa kidonda, ulikuwa tayari kumtoa kanisani na kumleta kwenye kiti asichoweza kutoka.

Mchoro wako usiutupe, ugeuze. Jiwe haliungui, kwa hiyo rafu iwe ya jiwe na ibaki chini. Mwaloni upeleke kwenye nguzo za pembeni mwa meko, mbali na joto. Jiwe lizame ndani ya ukuta, libebe uzito wa mtu anayejiinua na si wa mbwa wa kauri peke yao, na kona ya kulia ifike mbali na jiko isije ikamuunguza, tena uizungushe isiwe na ncha. Kuhusu miguu, funga mdomo mpaka aseme mwenyewe. Majina yenu nimeyabadilisha yote, maana najua ni nani hulisoma gazeti hili wa kwanza nyumbani kwenu.

Na kimo cha rafu usikipime wewe. Mpe mama penseli akiwa kitini, mwambie mbwa ni wake, basi yeye ndiye aweke alama ukutani pale anapotaka wakae. Kisha nenda jikoni ukachemshe chai, upige kelele na birika, na usichungulie anavyoishika ile kona. Ukirudi utakuta alama ukutani, na mama amesimama.