Yonathani Yuko kwa Shangazi Yake

Malindi, Lushoto
12 Agosti 1973

Kwako Dada Secilia,

Shikamoo dada. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima, na kwamba joto la Tanga haliwasumbui sana mwezi huu. Huku kwetu baridi imetukaba, ukungu hautoki mpaka karibu na mchana, lakini tunakula na tunalala, na viazi vya shamba la ujamaa tumemaliza kuvichimba. Dina anakusalimu, yuko darasa la nne sasa na mwalimu wake anamsifu. Hatujaonana tangu ulipokuja Aprili kumzika Yonathani wetu, na najua unajiuliza kwa nini nimekaa kimya.

Kaa chini kwanza, dada, usome polepole. Wifi yako Rahabu alikufa mbele ya macho yangu, na leo yuko hai, anachambua maharage jikoni.

Ilianza kama kikohozi. Mwanzoni mwa Julai alishikwa na homa na kichomi, akawa anapumua kwa shida. Kristofa, balozi wetu wa nyumba kumi, alituombea nafasi kwenye lori la mboga, tukamteremsha hadi hospitali. Daktari Mussa, mtu wa huko huko kwenu Tanga, alimpima kifua akasema ni nimonia, wala tusiogope, sindano zitamponya. Nilifurahi hata nikatoka kumnunulia ndizi.

Niliporudi, nesi Jenoveva alikuwa ndiyo kwanza anamchoma sindano ya penisilini. Rahabu alikwisha kuchomwa dawa hiyo miaka ya nyuma, asipate neno. Safari hii, kabla nesi hajaliweka bomba kwenye sahani, alianza kujikuna shingo, midomo ikavimba, akanitazama kama anayetaka kunieleza kitu, kisha akalegea. Nesi alimshika mkono, akaweka sikio kifuani, akamwita daktari kwa sauti ambayo naisikia mpaka leo. Moyo ulikuwa umesimama.

Nilidhani watamfunika shuka. Badala yake walimshusha kitandani wakamlaza sakafuni, daktari akapiga magoti, akaweka viganja kifuani, akaanza kumkandamiza kwa uzito wake wote. Nilisikia ubavu ukivunjika, dada. Nilimrukia daktari nikamshika shati, nikamwambia amwache marehemu wangu apumzike. Wagonjwa wawili waliinuka vitandani wakanivuta. Jenoveva alikuwa amembana pua, anampulizia pumzi mdomoni, na katikati ya hayo wakamdunga dawa nyingine. Daktari alitokwa jasho kama mtu anayelima mlimani. Mimi niliketi chini, nikaanza kufikiria nitapata wapi mbao za jeneza. Ndipo Rahabu akakohoa.

Hakuzinduka siku ile wala ya pili yake. Daktari alinieleza bila kunificha kwamba wengi ambao moyo umesimama hawarudi hata wakikandwa namna ile, na kati ya wanaorudi wapo wanaorudi pungufu, kwa kuwa ubongo umekaa bila hewa. Alisema mwili wa Rahabu umeikataa dawa ile, asichomwe tena maisha yake yote. Tena alisema kama angechomwa sindano ile huku kijijini, mbali na hospitali, sote tungekuwa tumemzika. Nilimwomba radhi kwa kumchania shati. Akanijibu kwamba amekwisha kuzoea.

Alipofumbua macho aliongea Kishambaa kitupu; Kiswahili kilirudi siku za baadaye. Alinitambua. Akamtambua Dina. Nilimshukuru Mungu nikalia mbele za watu. Kisha akaniuliza, "Yonathani umemwacha na nani?"

Nilidhani ni homa. Nikamhoji anakumbuka nini. Alikumbuka mavuno ya mwaka jana, alikumbuka Krismasi na wimbo tuliouimba kanisani. Lakini ile surua iliyomchukua mtoto, mazishi, wewe ulivyokuja ukamwosha, vyote vilikuwa vimefutika. Nilimshika mkono nikamwambia ukweli. Alilia kilio kile kile cha Aprili, na ubavu uliovunjika ukawa unamchoma kila akivuta pumzi. Jenoveva alishindwa kusimama pale, akatoka. Baadaye Rahabu akapitiwa na usingizi. Alipoamka alinitazama kwa uso mkunjufu kabisa, akaniuliza, "Yonathani umemwacha na nani?"

Nilimwambia tena. Akalia tena, tangu mwanzo. Akalala, akaamka, akauliza.

Sasa nakuungamia jambo ambalo hata mchungaji sijamwambia. Mara ile ya tatu nilimjibu, "Yuko kwa shangazi yake, Tanga." Akatabasamu, akasema ni vyema, huko atakula samaki. Tangu hapo nimelishika neno hilo. Dina nimemfundisha kulisema, naye hulisema huku akitazama chini. Kristofa amewaonya majirani. Na siku moja kabla ya kumleta nyumbani, nilikwenda nyuma ya migomba nikang'oa msalaba wa mwanangu, nikausawazisha udongo kwa jembe, nikatawanya majani makavu juu yake.

Nilidhani hata hilo la Tanga atalisahau. Lakini akili yake inatulia. Ya jana anayakumbuka leo, na juzi alilalamika kwamba wifi yake haandiki. Nilipomrudisha kupimwa nilimweleza Daktari Mussa kila kitu. Hakunilaumu. Alisema pale wodini nilimpumzisha mgonjwa, lakini sasa lolote atakaloambiwa litakaa, na uongo nao utakaa. "Mwambie," akasema, "ila usimwambie ukiwa peke yako."

Kwa hiyo nakuomba uje, dada, mapema uwezavyo. Akikuona umeshuka kwenye basi bila mtoto atajua kabla hatujafungua mdomo, nami nitakuwa nimesimama ubavuni pake. Msalaba nitakuwa nimekwisha kuurudisha mahali pake.

Kifurushi utakachopewa pamoja na barua hii kimetoka kwake. Ni sweta ya bluu amefuma mwenyewe. Nilimwambia Tanga hakuna baridi, akasema ni ya safari ya kurudi huku. Ameipima kwa mwili wa mtoto wa jirani, kisha akaiongeza urefu, kwa sababu anasema Yonathani atakuwa amekua.

Msalimie sana shemeji na watoto wote. Dina anakungoja. Rahabu amesimama hapa mlangoni. Ameniagiza niandike kwamba anamsalimu mwanawe. Nimeandika.

Ni mimi mdogo wako,
Tobia