Jakuzi la Zefania na Blanketi la Winfrida

Mpendwa Mama Mshauri, shikamoo na pole na kazi ya kusikiliza shida za watu. Naomba unisaidie kabla baridi hii haijaisha, maana nimebaki mwenyewe na mama yangu mzazi na jakuzi, na sijui nianzie wapi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Kinyangiri, mama yangu anaitwa Bi Asnath, ni mtu mzima sana, na kila ukifika mwezi wa sita upepo ukianza magoti yake yanakaza mpaka kusimama anashikwa mkono, na daktari alisema akikaa kwenye maji ya vuguvugu kila asubuhi atapata nafuu, basi mimi nikakumbuka jakuzi, lile beseni kubwa la kukaa kwenye maji ya moto, nililoliona kwenye hoteli moja Arusha nilipokwenda kufunga madirisha, nikasema na mama yangu naye atakaa kwenye jakuzi, nikakata mabati mazito nikachomelea, nikaliwekea miguu mirefu ya chuma ili moto ukae chini, nikalisimamisha mbele ya nyumba yangu ya bati upande wa barabara, na turubai la stara wakati wa kuoga. Watu walikuja kuliangalia hata kutoka vijiji vya jirani, na sikatai, nilifurahi.

Tatizo maji hayakai na joto. Mke wangu Winfrida anakoka moto, anachochea kuni mpaka macho yanamwiva, maji yakipata anautoa moto ili mama asiungue, na mama akiingia, hajakaa sawasawa, anasema, "Mbona haya ni ya kisimani?" Kuni zinaisha, mke ananuna, mama anatetemeka. Mama akasema tulipeleke kwenye tembe lake, maana bado analala humo, nyumba ya bati ameikataa, lakini mimi nikaona aibu, kitu kizuri kama kile nikakifiche kwenye nyumba ya udongo?

Siku moja narudi nakuta Winfrida amelifunika jakuzi kwa blanketi lake, lile alilopewa na mama yake siku ya kuagwa alipoolewa, na jirani yangu Abraham amesimama pale anacheka, ananiambia, "Fundi, jakuzi lako lina homa?" Nikaona nimedhalilishwa, nikalivuta lile blanketi nikalitupa kwenye majivu, nikamwambia Winfrida asinifanye kichekesho cha kijiji. Kesho yake akaenda kwao Mgori, blanketi akaliacha pale pale kwenye majivu, na mpaka leo hajarudi.

Sasa mama haogi maji yake. Mimi ni mwanaume, siwezi kumvua nguo mama yangu, na wanawake wa jirani amewakataa, anasema mkono anaoujua ni wa Winfrida. Juzi nimemkuta anakwenda chooni kwa kutambaa. Nililia, Mama Mshauri, sikufichi. Nimefikiria niuze maksai wangu wa kulimia ninunue hita kubwa ya umeme, mke akisikia kazi ya kuni imekwisha atarudi. Je, niuze?

Zefania, Kinyangiri.

MAJIBU

Marahaba, Zefania. Mpe pole mama, na wewe pole kwa machozi yako, yalikuwa ya haki.

Maksai usiuze. Masika utalimia nini, hilo jakuzi? Hita ya umeme kwenye bati lililo uchi ni kujaza maji kwenye pakacha. Unatia joto, upepo unalichukua. Umelisimamisha juu ya miguu kama mnara, mbele ya barabara, katika upepo wa Singida unaong'oa mapaa, halafu huna hata mfuniko! Mwanangu, ugali nyumbani kwako unaliwa bila kufunikwa?

Wazee wetu hawakujenga tembe fupi lenye kuta nene na paa la udongo kwa kukosa akili. Waliujua upepo huu kabla yako. Mama yako alikuambia ulipeleke humo, ukaona aibu. Jiulize vizuri: lile jakuzi ulimtengenezea mama au uliwatengenezea wapita njia?

Haya, kazi. Kata hiyo miguu, ingiza jakuzi kwenye tembe. Moto usiwashe humo hata kidogo, moshi utamuua mama yako. Maji yachemshwe nje kwenye pipa, juu ya jiko la udongo lililozibwa upande wa upepo, na wewe uyabebe kwa ndoo. Chini ya jakuzi weka mbao, lisiguse sakafu. Nenda kwenye mashine za kukamua alizeti, omba maganda makavu, yajaze kwenye magunia, uyapange pande zote mpaka ukingoni, na nailoni juu yake yasilowe. Mfuniko utengeneze wa mbao, ndani upigilie godoro kuukuu lililofungwa nailoni. Ufunuliwe mama anapoingia tu, na akishakaa urudishiwe nusu. Halafu usijaze mpaka juu! Mama yako anaumwa magoti, haumwi mabega. Maji yakifika mapajani yanatosha, na kuni zitapungua. Kabla hajaingia, maji yapimwe kwa kiwiko, na muulize daktari akae kwa muda gani.

Hayo ya bati ni mepesi. Sasa ya Mgori.

Umeniandikia kila kitu, mpaka maneno ya Abraham, ila hukuniandikia siku ile ya blanketi maji yalikuwaje. Ulikuwa huna habari, ulikuwa unatazama anayecheka. Kamuulize mama yako leo hii. Mimi nipo mbali, lakini nakuhakikishia yalikuwa ya moto. Mkeo alikwisha kupata dawa, akaitoa kitandani kwake mwenyewe, kwa kitu alichopewa na mama yake, ili mama yako asitetemeke. Wewe ukaitupa kwenye majivu kwa sababu mwanaume mwenzako alicheka. Hakuondoka kwa ajili ya kuni, Zefania. Kuni alizibeba na hakuwahi kukukimbia.

Kwa hiyo usitume wazee, na usiende na habari za hita. Lifue lile blanketi kwa mikono yako, lianike uani mchana, Abraham aone. Likikauka likunje, nenda nalo Mgori, uwasalimu wakwe zako vizuri, kisha umwambie Winfrida mbele yao kwamba yeye alikuwa sahihi na wewe ulikosea. Usiongeze neno. Mpe blanketi lake.

Na asilirudishe tena kwenye jakuzi. Kabla hujasafiri, mfuniko uwe tayari.