Saa Yangu Iko Mkononi mwa Shangazi

Mpendwa mshauri, dada Sayrakan, naomba msaada wako na naomba usinitaje jina, maana hapa kwetu milimani Naryn kila mtu ni ndugu wa mtu. Mimi nimeolewa, nina mtoto wa kwanza wa kike, na tangu nimzae moyo wangu umezama, silali, chakula hakipiti, nalia hata nikikamua ng'ombe, basi mume wangu Ularbek akanipeleka kwa Daktari Chynara, naye hakunicheka, alinipa vidonge na saa ya mkononi yenye laini yake ya simu, inayompelekea habari za usingizi wangu, mwendo wangu na mapigo ya moyo, na kwenye simu akaniwekea programu inayoniuliza kila asubuhi nimeamkaje, nami nabonyeza uso wa kucheka au wa kulia. Ularbek akarudi Urusi kazini. Nami nilianza kupata nafuu, dada, kwa kweli nilianza.

Kisha Batma, shangazi yake Ularbek, akaja kumwona mtoto, na nilipokuwa nampa bakuli la chai akanishika mkono akasema, "Ee, saa gani hii nzuri, mke wetu!" Unajua kwetu mgeni akisifu kitu ni lazima apewe aende nacho. Mama mkwe hapohapo akasema, "Mvulie shangazi yako, mwanangu, utanunuliwa nyingine," naye hana kosa, nilimwambia ni zawadi ya mume wangu kwa sababu niliona haya asijue mke wa mwanawe anatibiwa mambo ya kichwa. Nikavua huku natabasamu, nikamvisha shangazi kwa mikono yangu.

Sasa shangazi Batma anakamua maziwa ya farasi, anapanda mlima na kushuka, akilaza kichwa tu kalala, na yote hayo yanamfikia daktari kwa jina langu. Ananipigia kwa furaha: "Hongera, mama! Unatembea kama mbuzi wa mlimani, usingizi kama wa mtoto. Tupunguze dozi kidogo." Nikasema asante, daktari. Asubuhi nikawa nabonyeza uso wa kucheka ili mambo yafanane. Dozi imepunguzwa tena, na siku hizi nikienda kuchota maji nasimama darajani nikiutazama mto, na ninawaza kwamba mtoto wangu angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Nikisema ukweli namwaibisha mama mkwe mbele ya wifi yake, na daktari ataniona mwongo, nifanye nini, dada yangu?

Mke wa Watu, Naryn

*

Mdogo wangu,

Namba uliyoiandika nyuma ya bahasha niliipiga kabla sijaikunja barua yako. Akapokea mama mkwe wako.

"Mke wetu mzima kabisa," akaniambia. "Hata daktari kamsifu, analala usingizi mnono."

"Mama, anayelala ni wifi yako. Saa ile ni ya matibabu. Huyu wako ni mgonjwa, anasimama darajani akiutazama mto. Yuko wapi sasa hivi?"

"Kaenda kuchota maji," akasema, na simu ikaanguka. Nikabaki nasikia mtoto analia na mlango unajigonga kwa upepo, na nakuambia wazi, niliogopa. Aliporudi alikuwa anahema. "Nimemshika," akasema. "Nimemshika mkono, simwachi."

Siri yako nimeivunja, na ningeivunja tena. Barua hii naichapa kwa ruhusa yenu nyote, na majina nimeyageuza.

Pole sana, mdogo wangu. Ugonjwa huu unawapata wazazi wengi na hauna uhusiano wowote na kumpenda au kutompenda mtoto. Sasa nikukaripie. Saa haikusema uongo hata siku moja, ilieleza afya ya Batma barabara, na Mungu amzidishie. Lakini ule uso wa kucheka uliubonyeza wewe. Ungevunjika mguu ungempa mgeni magongo yako kwa kuwa kayasifu? Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio hicho kilikuwa kimebakiza kidogo kifike mlangoni kwenu.

Daktari Chynara nimeongea naye, hajakasirika, amejilaumu kwamba alisoma namba bila kukuona uso. Amekurudishia dozi ya mwanzo na anataka umwendee kila wiki, mkaongee mkiwa mmekaa. Usiongeze wala kupunguza kidonge kwa akili yako. Maji yachotwe na mwingine, na mawazo ya darajani yakirudi, mwambie aliye karibu nawe papo hapo, hata kama ni katikati ya chai na wageni wamejaa.

Ile aibu uliyoiogopa nayo imekwisha. Batma kaileta saa mwenyewe, pamoja na sufuria ya malai ya maziwa, akimfokea mama mkwe wako: "Mlitaka niende na dawa ya mgonjwa mkononi?" Akija mgeni mwingine akaisifu, jibu liwe, "Hii ni dawa." Na wewe mama mkwe, ndiwe utakayelitoa jibu hilo, asiachiwe mke wa mwanao peke yake.

Kesho asubuhi simu itakuuliza umeamkaje. Kama umeamka unalia, bonyeza uso unaolia, na mama mkwe awe amekaa pembeni yako akiutazama.