Ufalme ni Wake

Fes, Jumanne

Dada yangu Ytto,

Pokea salamu zangu, tele kama nzi wa mtaa wa wachuna ngozi. Huko Meknes hamjambo? Mgongo wa shemeji umepoa? Sisi tu wazima, na mimi nazidi kupendeza, kama umesahau.

Umeuliza kama ni kweli Baba ameacha kazi. Ni kweli. Patasi zake amezifunga kwenye gunia, kutwa anakaa mlangoni akifikicha macho.

Unaujua ukuta wa kibla wa msikiti wa Sidi Yaddir, wenye yale maneno ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye jasi enzi za wafalme Wamarini: ufalme ni wa Mungu, yamerudiwa kutoka kona hadi kona. Mvua ilimega kipande, Baba akapewa kukirudisha. Kwa kuwa yeye hajui kusoma, na mimi nina madarasa manne mazima kichwani, nilichora mimi. Tena nikachora kwa madaha, majani na mafundo, hata wewe ungenyamaza. Baba akapitisha kidole kwenye karatasi, akasema pale mwisho vijiti vya herufi viwe viwili, yeye anaona kimoja. Nikamcheka. Nikamwambia mzee, cha pili kimejificha ndani ya jani, anayejua kusoma anakiona. Akachonga.

Siku ya kukabidhi, watu wamejaa, mkaguzi akasoma kwa sauti: ufalme ni wake. Herufi lamu moja, kile kijiti cha pili, haipo, na Mungu katoweka. Buazza muuza viatu akauliza, wake nani sasa, wako, Fundi Hammu? Watu wakaangua kicheko. Baba akasema mkono ni wake, asilaumiwe mwingine. Kipande kikabomolewa, kazi akapewa fundi wa Taza. Sokoni sasa Baba anaitwa Sultani.

Nyumbani aliniomba ile karatasi, akitafute kijiti alichoshindwa kukiona. Nikasema imepotea. Dada, niliichoma chini ya chungu cha supu ya harira. Ndani ya jani hakukuwa na kitu. Miaka arobaini ya kazi, leo anaamini macho yamemfia, na macho yake ni mazima kuliko yangu.

Nimejaribu mara tatu kumwambia, nikaishia kutania. Mwandikie wewe, usinistahi. Unajua anayemsomea barua ni nani. Safari hii sitaruka hata herufi.

Nibusie watoto, shemeji mkandie mgongo.

Mdogo wako msomi,
Idder