Mshale wa Chaki

Duka la Matairi,
Kisii Mjini.
Tarehe 14 Oktoba.

Kwa Mehul, omosani wangu, rafiki wa tangu utotoni,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Kanada haijakugandisha. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi za duka, lakini bado anapanda, na akifika juu anagomba kwa nini mteja hajapewa chai. Baba yako, Mzee Subhash, ni mzima wa kuudhi. Mke wangu Phanice anakusalimu. Mvua haijatupumzisha tangu Septemba, na barabara za ndani huko Nyansiongo ni uji mtupu.

Utashangaa mbona nimeshika kalamu na simu ninayo. Kuna neno ambalo kwenye simu ningelikatiza katikati nikasingizia mtandao. Dada yako Shital anasafiri kuja huko Jumamosi, basi nimempa yeye aibebe.

Kwanza kazi. Nimezitazama picha za zile seti tatu za magurudumu ya baridi unazotaka nikuchagulie moja kwa gari lako jipya la spoti, lile la milango miwili lililolala chini. Mimi theluji nimeiona kwenye friji ya mama yako tu. Lakini matope nayajua, na aliyeyashinda matope ya Borabu hatatishwa na barafu.

Seti ya kwanza, ile ya rimu nyeusi za inchi kumi na tisa, achana nayo. Inapendeza kama bwana harusi, ila ubavu wa tairi ni mwembamba mno. Shimo moja lililofunikwa na theluji, na rimu imepasuka. Ya pili, inchi kumi na saba, ingefaa, lakini breki zako za mbele ni kubwa na rimu itazikwaruza. Nimepiga hesabu ya vipimo vyako mara mbili. Chukua ya tatu, ya inchi kumi na nane. Tairi lake ni jembamba kidogo kuliko ulilo nalo sasa, na hapo ndipo vijana wote hukosea, wakidhani pana ndilo linaloshika. Juu ya kitu laini tairi pana huelea, jembamba hukata mpaka chini. Mpira wake pia ni laini, hautakakamaa kwenye baridi. Na ununue yote manne. Atakayekuambia mawili yanatosha, huyo anatafuta pa kukuzika. Usome zile tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kama yamelala ghalani miaka mitano, yarudishe.

Halafu utazame mshale. Matairi ya seti hiyo yana mshale ubavuni wa kuonyesha yanazungukia wapi. Ukifunga la kushoto upande wa kulia, meno yake yanashindwa kuyatema maji, na gari linaelea. Hapa dukani kila gurudumu la namna hiyo nalichorea mshale mkubwa wa chaki kabla sijateremsha jeki. Madereva wa Keroka wananiita Duke wa Chaki. Wateja husema hakuna fundi mwangalifu kama mimi toka Kenyenya hadi Nyamira, nami huwaacha waseme.

Sasa Mehul, kaa chini.

Unalikumbuka lile gari jekundu la Mzee, na siku ya mvua ulipoacha njia karibu na Nyansiongo ukavunjika mfupa wa bega. Sasa ni miaka tisa. Ulimwambia baba yako ulikuwa kwenye mwendo wa hamsini. Yeye akasema hakuna gari linaloruka mtaro kwa hamsini, akakunyang'anya funguo mbele ya wafanyakazi wote, akakuita mwongo. Mwaka uliofuata ukaenda Kanada, na tangu hapo mnasalimiana kupitia kwa Shital.

Ulisema kweli. Asubuhi ile mimi ndiye niliyefunga matairi mapya ya mbele. Nilikuwa na haraka, tena nilijiona bingwa, nikalifunga la kushoto kulia na la kulia kushoto. Gari lilipovutwa hadi uani, niliiona mishale yote miwili ikitazama nyuma. Baba yako alikuwa hospitalini nawe. Nikachukua spana nikayabadilisha. Aliporudi alilikagua gari, akakuta kila kitu sawa. Mimi nikanyamaza, mzigo ukaubeba wewe. Niliogopa kufukuzwa, kisha akanifanya fundi mkuu nikaogopa zaidi. Nisamehe, ndugu yangu. Chaki hiyo wanayoisifu ni aibu yangu ya kila siku.

Usidhani nimekuambia wewe peke yako. Leo asubuhi nilimweleza Mzee yote, funguo za duka zikiwa mkononi tayari kuzirudisha. Alikalia tairi. Sikusikia hata neno moja kali. Aliniuliza siku ile ulisema ulikuwa kwenye mwendo gani, nikamjibu hamsini. Akarudia, hamsini, na mteja wa kwanza alipoingia hata hakumwona. Funguo hakuzipokea, wala hakuniambia nikae nazo. Hilo tutaliona. Mikono ninayo, siwezi kulala njaa.

Saa saba alirudi akaomba picha za seti zako, akavaa miwani. Naye anasema ya tatu. Kisha akachomoa chaki mfukoni mwangu, akaniagiza niitie kwenye bahasha hii, ili ukiyatoa matairi ya kiangazi uandike kila moja limetoka upande gani. Nikamwuliza kama ana neno lingine nikuandikie. Akasema lililobaki ni lake, atalisema mwenyewe kwa simu. Akataka kujua tu huko kwenu watu huamka saa ngapi.

Wasalimie wote wanaokupikia, na usikawie kujibu, hata kama ni kunitukana. Ukinikasirikia una haki, lakini seti bado ni ya tatu.

Ni mimi, rafiki yako,
Duke Ombui