Kipimo cha Bi. Kabula

Kambarage,
Shinyanga.

Mke wangu mpenzi, Mama Tumaini,

Barua zako mbili zimekaa mezani kwangu tangu kabla ya msimu wa pamba, nami sikujibu hata moja. Sina udhuru unaotosha, kwa hiyo sitautafuta, nakuomba radhi. Natumaini mguu wako umepona na kwamba Mama mkwe anakula vizuri. Mimi ni mzima, ingawa vumbi la huku linanikausha koo na maji tunayachota kwa zamu. Bado sijazoea kuishi mahali nisipoona mkorosho hata mmoja.

Umeniuliza nitarudi lini, nami katika barua za nyuma nilikujibu kila mara kwamba ni karibuni. Leo nataka kukueleza jambo linalonishikilia huku, na mtu ambaye huenda akanifungulia njia.

Unakumbuka kwamba mkuu wa chuo aliniomba nisiondoke, ingawa nimestaafu, mpaka niwaandikie somo jipya: namna ya kutafuta habari katika vitabu na kuipima kabla ya kuiamini. Wanachuo wetu wakimaliza watakwenda kufundisha Bukombe, Geita na vijiji vya Kagongwa. Huko habari nyingi husafiri kwa mdomo. Leo utasikia dhahabu imeonekana mahali fulani na watu wamehama na masufuria yao. Kesho utasikia dawa mpya ya pamba. Mwalimu asiyejua kuipima habari atawafundisha watoto kila anachokisikia.

Niliandika malengo ya somo kwa Kiswahili safi. La kwanza lilisema: "Mwanachuo aelewe umuhimu wa maktaba." Nikampelekea mkutubi wetu, Bi. Kabula, ili ayasome kwa heshima tu, si kwa kuyasahihisha. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Ushirombo, mwenye stashahada yake ya ukutubi. Huvaa miwani iliyofungwa uzi, na hacheki ovyo.

Alinisalimu, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

"Akishaelewa, Baba, nitamwonaje? Atatembea tofauti?"

Nilimwambia kwamba kuelewa kumo kichwani. Akajibu kwa upole, "Mnunuzi wa dhahabu kule Geita hamwulizi mchimbaji kama jiwe lake ni zuri. Analitwanga, analiosha, anatazama kilichobaki kwenye karai. Nipe lengo ninaloweza kuliosha."

Nimefundisha miaka mingi, Mama Tumaini, na sipendi kukatizwa. Hata hivyo nilirudi chumbani, nikafuta "aelewe", nikaandika: "Mwanachuo alete jibu sahihi la swali alilopewa." Niliona hapo hakuna wa kunisumbua.

Tukajaribu na darasa moja. Tuliwauliza kwa nini wachimbaji wasichome zebaki ndani ya nyumba wanaposafisha dhahabu. Kitabu chenye jibu kilikuwa rafuni. Kesho yake wote walileta jibu, na wote walipata. Nilifurahi mno, mpaka niliposoma karatasi ya tatu. Ilisema kwamba moshi wa zebaki hauna harufu lakini una meno. Ya nne ikasema hivyo hivyo. Darasa zima liliandika kwamba moshi una meno.

Jioni nilikwenda dukani kwa Mzee Karim kununua sukari. Babu yake alitoka Bara Hindi, lakini yeye amezaliwa hapa hapa mjini na Kisukuma anakizungumza vizuri kuliko mimi. Kabla sijasalimia akasema, "Mwalimu, jana chuo chako chote kilinijia! Kila mmoja ananunua peremende moja, halafu ananiuliza zebaki."

"Nawe ukawaambiaje?"

"Nikawaambia moshi wake hauna harufu, lakini una meno. Kwani nimekosea?"

Hakukosea. Amewauzia wachimbaji karai na sululu kwa miaka mingi, na vijana wa huku wamelelewa hivyo: ukitaka kujua jambo, nenda kwa mtu mzima, salimia, nunua kitu kidogo, kisha uliza. Kwenda kufungua kitabu wakati mzee yupo ni kama kumpita bila salamu.

Nilirudi nimekasirika, nikitaka kuwapa wote sufuri. Bi. Kabula alicheka hadi akavua miwani. Kisha akasema, "Hawakudanganya, Baba. Uliwaambia walete jibu, wakaleta. Hukuwaambia waonyeshe walikolitoa."

Tuliketi pamoja tukaandika upya, safari hii kalamu ikiwa mkononi mwake. Lengo likawa hili: mwanachuo aweze kutafuta jibu la swali lake mwenyewe katika vitabu viwili, aonyeshe ukurasa, amtaje aliyeandika, na vitabu vikipingana aseme amemwamini nani na kwa nini. Akaongeza sentensi ambayo mimi nisingeifikiria kamwe: akimwuliza mtu, amtaje mtu huyo, na aeleze amejuaje. Kwa hiyo Mzee Karim hakufukuzwa katika somo. Alipewa nafasi yake. Nilistaajabia adabu ya akili ile.

Kijana mmoja, Masanja, ana kaka yake anayechimba Geita. Alirudia swali la zebaki kwa sababu kaka yake huchoma dhahabu jikoni, mle mle anamolala mtoto mchanga. Kitabu kimoja kilisema inatosha kufungua madirisha. Cha pili kilisema kazi hiyo ifanywe nje, mbali na nyumba. Akaandika kwamba amemwamini mwandishi wa pili, kwa sababu alipima hewa katika nyumba za wachimbaji wenyewe, na yule wa kwanza hakueleza amejuaje. Likizo ilipofika alikwenda na nakala ya ukurasa ule.

Kaka yake alimcheka: "Tumekupeleka usomee ualimu, unarudi fundi wa jiko?"

Masanja akamwambia, "Usinisikilize mimi, kaka. Soma mwenyewe hapa."

Jiko la dhahabu sasa liko nje, mbali na nyumba, nyuma ya migomba. Shemeji yake, mke wa kaka huyo, alituletea maktaba kikapu cha michembe, viazi vyao vilivyokaushwa. Bi. Kabula alitafuna kimoja akasema, "Kipimo hiki hatukukiandika."

Baada ya mitihani kikao cha wakufunzi kitaketi. Nimependekeza kwamba somo liingizwe katika ratiba na akabidhiwe Bi. Kabula, si mimi. Mkufunzi mmoja amekwisha kunipinga. Anasema mkutubi ni wa kutunza vitabu, si wa kusimama ubaoni. Nitamjibu kwenye kikao, nikiwa na karatasi ya Masanja mkononi. Wakimkubali, kazi yangu imekwisha na nitafunga sanduku. Wakimkataa, somo halitakuwa na mtu, nami sitaliacha life. Nitabaki mwaka mmoja zaidi. Mwombee mama huyu. Unaona mwenyewe kwamba na wewe una haja naye.

Nisalimie Mama mkwe, mwambie namwamkia. Msalimie wifi yako Matilda, na shemeji Ahmani anayetuangalizia mikorosho. Mjukuu wetu Tausi mwambie nimeona mwandiko wake chini ya barua yako. Herufi zake zimenyooka, aendelee.

Leo asubuhi nilimwambia Bi. Kabula kwamba nakuandikia. Akauliza, "Utamwambia Mama unarudi lini?"

Nikasema, "Nitamwambia karibuni."

Akanitazama juu ya miwani. "Na Mama atakiosha vipi hicho, Baba?"

Kwa hiyo neno hilo hutalisoma tena kutoka kwangu. Siku kikao kitakapoamua, jioni yake nitakuandikia. Barua hiyo itataja siku nitakayopanda treni, au itasema waziwazi kwamba mwaka huu siji.

Mimi mumeo,
Baba Tumaini